Mafua ya korona yamekwisha, mbona sisikii harufu?

Pua haijaziba na ninapumua vizuri. Tatizo liko wapi?

Hewa hupita pua nzima, lakini harufu hunaswa na kipande kidogo cha utando kilichojificha juu kabisa, karibu na ubongo. Hapo zipo neva za kunusia, seli tegemezi zinazozitunza na, chini yake, seli za shina, zinazozaa seli mpya. Neva hizi hufa na kuzaliwa upya maisha yote, jambo ambalo ni nadra kwa neva za mwili. Matumaini ya mgonjwa yamelala hapo.

Kwa hiyo virusi vya korona viliua neva zangu?

Wengi hudhani hivyo. Lakini virusi hushambulia hasa seli tegemezi. Zikiharibika, neva hupunguza kutengeneza vipokezi vya harufu. Kwa walio wengi, utando hujijenga upya na harufu hurudi baada ya wiki kadhaa.

Na mimi niliyekaa miezi bila kupona?

Si mawazo yako, hata kama nyumbani wanasema unajidhania tu. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vipande vya utando huo kutoka kwa watu 24, wakiwemo 9 waliopoteza harufu kwa muda mrefu baada ya UVIKO-19. Virusi havikuonekana tena, ila askari wa mwili waitwao seli T walikuwa bado wamepiga kambi, wakiendeleza uchochezi (uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili), na neva za kunusia zilikuwa zimepungua. Mahali pengine utando ukiumia sana, nafasi yake huchukuliwa na utando wa kawaida wa kupumulia, usio na neva hata moja.

Nifanye nini?

Mazoezi ya kunusa. Chukua waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Nusa kila kimoja taratibu kwa sekunde 10 hadi 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Usikate tamaa mapema, neva hukua polepole. Harufu zikirudi zimegeuka, mfano kahawa kunuka kama kitu kilichoungua, mara nyingi ni neva mpya zinazojiunga upya.

Muone daktari wa masikio, pua na koo upesi ikiwa harufu ilipotea bila mafua, baada ya kugonga kichwa, au kama pua inatoka damu upande mmoja. Kwa sasa, mwombe mtu mwingine akunusie gesi, moshi na chakula kilicholala.