Chai tamu ya barafu si chai ya barafu iliyotiwa sukari

Sasa imezidi. Menyu ya mgahawa inaandika "chai tamu ya Kimarekani", mteja anaagiza, analetewa glasi ya chai ya rangi iliyopoa, vipande vichache vya barafu, kipande cha limau ukingoni, na vipakti viwili vya sukari kwenye kisahani. Anayeleta hana kosa, ndivyo alivyoelekezwa jikoni. Video za mapishi nazo zinafuata mkondo huohuo: pika chai, ipoze, weka barafu, kisha tia sukari kadiri upendavyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoharibu kila kitu.

Maana yenyewe ni fupi. Chai tamu ya barafu ni kinywaji cha majimbo ya kusini mwa Marekani: Georgia, South Carolina, Alabama, Mississippi na jirani zao. Ni chai ya rangi, nzito, inayotiwa sukari ikiwa bado ya moto, ndani ya chombo kilekile ilimopikwa, halafu huongezwa maji baridi, hupozwa na kunywewa juu ya barafu nyingi. Haina maziwa. Limau ni hiari ya mtu. Ukiingia mgahawa wa kule ukaomba "chai" tu, mara nyingi utaletewa hiyo. Anayetaka ya moto ndiye anayepaswa kusema, na asiyetaka sukari vilevile.

Tofauti ninayoitetea inakaa kwenye swali moja: nani ameitia sukari, na lini? Katika chai ya barafu ya kawaida, mpishi anapika chai na kuipoza, na utamu ni shauri la mnywaji pale mezani. Katika chai tamu ya barafu, utamu umeshaamuliwa jikoni. Nyumba kila moja ina kipimo chake, na mgeni anakunywa kipimo cha nyumba hiyo. Kwa msomaji wa huku hili halipaswi kuwa geni hata kidogo. Kwa mama lishe wengi chai inatoka kwenye chupa ikiwa na sukari yake tayari, na mteja akisema hatumii sukari, mama anabandika maji upya. Chai ya sufuria ya nyumbani, ya tangawizi au ya mchaichai, kwa familia nyingi hupikwa pamoja na sukari yake. Wamarekani wa kusini wanafikiri kuhusu chai yao kwa namna hiyohiyo, ila yao iko kwenye jagi la barafu.

Sasa nifike kwenye sababu, kwa maana hapa hata wale wanaoipika sawasawa huieleza vibaya. Utasikia: sukari hutiwa kwenye chai ya moto kwa sababu maji baridi hayawezi kubeba sukari nyingi kiasi hicho. Wengine huongeza kwamba ikishapoa, chai hiyo imebeba sukari kupita uwezo wake. Si kweli, na hesabu yake haihitaji maabara. Gramu 100 za maji ya nyuzi 0 za Selsiasi, yaani baridi ya barafu, zinaweza kuyeyusha takriban gramu 180 za sukari. Yakiwa ya nyuzi 20 zinayeyusha karibu gramu 200, na yakichemka zinafika karibu gramu 490. Mapishi ya kusini kwa kawaida hutumia kikombe kimoja hadi viwili vya sukari kwa galoni moja ya Kimarekani, yaani gramu 200 hadi 400 kwa karibu lita 3.8. Hizo ni gramu 5 hadi 10 hivi kwa kila gramu 100 za maji. Kiwango cha juu kinakaribia soda za kawaida, ambazo huwa na gramu 10 au 11 kwa mililita 100. Ni tamu, tena sana, lakini iko mbali mno na kikomo cha maji, hata yale yanayoganda.

Kinachopungua kwenye baridi ni mwendo. Punje ya sukari kwenye maji ya moto inapotea huku unakoroga. Kwenye maji yenye barafu inayeyuka polepole sana, na ile shira nzito inayojitengeneza kuizunguka inazama chini ya glasi na kutulia huko, huku maji ya barafu inayoyeyuka yakielea juu. Unakunywa nusu ya kwanza chungu, na nusu ya mwisho unalamba sukari. Mnywaji anaongeza kipakti cha pili kwa sababu cha kwanza hakijafika ulimini, na mwishowe amekula sukari nyingi kuliko ile ya jagi lililopikwa vizuri. Ulimi nao, mbele ya kitu cha baridi, huhisi utamu hafifu zaidi. Kipimo kinachoonekana kutosha chai ikiwa ya moto kitaonekana kidogo ikishapoa, na mpishi wa kusini analijua hilo kabla hajashika kijiko.

Je, ukitumia shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji pembeni? Swali hili ni la haki. Shira inachanganyika na chai baridi bila taabu, hivyo tatizo la sukari kukaa chini linaondoka. Ikimiminwa kwenye jagi zima kabla ya kupelekwa mezani, sina ugomvi na mpishi huyo, kwani utamu bado ni wa jagi. Ikiletwa kwenye kibakuli ili kila mtu ajimiminie, tumerudi kwenye chai ya barafu ya kawaida. Ni nzuri, ila ni nyingine.

Historia nayo imevurugwa, na hadithi inayorudiwa kuliko zote ni ya maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba Richard Blechynden, aliyekuwa akitangaza chai ya India, aliona watu wanapita kibanda chake kwa sababu ya joto, akaamua kuimimina chai yake kwenye barafu, na kinywaji kikazaliwa siku hiyo. Maonyesho hayo yalisaidia kukieneza, hilo sikatai. Lakini kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree wa Virginia, kilichotoka mwaka 1879, tayari kina chai ya barafu yenye sukari, na kile cha Mary Lincoln wa Boston cha mwaka 1884 kinayo pia. Mtu hawezi kubuni mwaka 1904 kitu kilichokwisha kuchapwa miaka 25 kabla.

Hapo mwenye jicho kali anaweza kunibana, na ana haki. Maelezo ya Tyree ni haya: majani ya chai ya kijani yanalowekwa kwenye maji yaliyochemka tangu asubuhi, yanachujwa mchana, na ikifika saa ya kunywa, glasi zinajazwa barafu, kila moja inatiwa vijiko viwili vya sukari, ndipo chai inamiminwa juu. Sukari iko kwenye glasi! Basi hata andiko la zamani linalotajwa kila mara kama mama wa chai tamu linafanya kile ninacholalamikia. Nakubali. Ninachosema ni kwamba jina hili halikushikamana na mapishi ya mwaka 1879. Lilishikamana na desturi iliyokomaa baadaye, ya jagi kubwa lililotiwa utamu mara moja kwa ajili ya watu wote mezani. Hata majani yamebadilika. Wamarekani walikuwa wakinywa chai nyingi ya kijani kutoka China na Japani. Vita vya Pili vya Dunia vikaifunga njia hiyo, nao wakahamia chai nyeusi, ambayo ndiyo iliyobaki kwenye jagi mpaka leo.

Mwanzoni, kinywaji hiki kilikuwa cha wenye nacho. Barafu ilikatwa kwenye maziwa na mabwawa yaliyoganda huko kaskazini na kusafirishwa kwa meli. Frederic Tudor wa Boston alipeleka shehena yake ya kwanza Martinique mwaka 1806, na biashara hiyo baadaye ikafika bandari za kusini kama Charleston na New Orleans. Majani ya chai yalivuka bahari. Sukari ya Louisiana, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokomesha utumwa, ilitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa. Mwenye nyumba aliyeweka chai, sukari na barafu kwenye glasi moja alikuwa anaonyesha uwezo, na inafaa kukumbuka ni mikono ya nani iliyoubeba uwezo huo. Kinywaji kilishuka hadi kwa watu wa kawaida pale barafu ya viwandani na majokofu vilipoingia, na marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ikawasukuma wengi zaidi kwenye glasi ya chai.

Kuna ushahidi mmoja wa mezani ninaoupenda. Mafundi wa vyombo wa Marekani walitengeneza kijiko maalumu cha chai ya barafu, chenye mpini mrefu na kichwa kidogo, ili kifike chini ya glasi ndefu. Kazi ya kijiko hicho ni kukoroga sukari iliyotuama. Chai iliyotiwa utamu jikoni haikihitaji.

Watu wa kusini wenyewe wameliweka jambo hili kwa maneno makavu ya sheria. Mwaka 2003 baadhi ya wabunge wa Georgia waliwasilisha muswada, kwa mzaha wa siku ya wajinga duniani, wa kulazimisha kila mgahawa unaouza chai ya barafu uuze na chai tamu. Haukupita. Lakini waandishi wake walitoa maana, na maana hiyo ilisema kwamba chai tamu ni chai ya barafu iliyotiwa sukari wakati wa kuipika. Hata katika mzaha, sehemu hiyo hawakuiacha wazi. South Carolina, jimbo lenye shamba la chai hadi leo kwenye kisiwa cha Wadmalaw karibu na Charleston, liliitangaza chai kuwa kinywaji chake rasmi cha ukarimu mwaka 1995.

Kwa anayetaka kuipika, mambo machache. Majani usiyachemshe kama tunavyofanya na chai ya maziwa. Chemsha lita moja hivi ya maji, epua, tia majani, funika, subiri dakika tano hadi kumi. Yatoe bila kuyakamua, kwa kuwa ukiyakamua unapata ukakasi. Tia sukari hapohapo, koroga mpaka usione punje, ndipo uongeze maji baridi kama lita mbili na nusu au tatu. Iwe nzito kuliko unavyodhani inafaa, maana barafu itaizimua. Baadhi ya wapishi wa kule hutia chembe ya bekingi soda ili kupunguza ukakasi. Inafanya kazi, na rangi inakuwa nyeusi zaidi, ila ikizidi kidogo chai inaonja sabuni.

Ukitumia majani ya kwetu utakutana na jambo ambalo mapishi ya Kimarekani hayalitaji sana: ukungu. Chai ikipoa, teaflavini, ambazo ni sehemu ya kile kinachoipa chai nyeusi rangi na ukali, hushikana na kafeini na kutengeneza chembe ndogondogo zinazoifanya ionekane kama maji ya mto baada ya mvua. Chai ya Kenya, ya Kericho au Nandi, iliyosagwa punje ndogo, ina teaflavini nyingi. Ndiyo sababu inang'aa kwenye kikombe cha moto na wanunuzi wa mnada wa Mombasa wanaitafuta, na ndiyo sababu hiyohiyo inaingia ukungu kwenye jokofu. Chai ya Argentina, ambayo Wamarekani hununua kwa wingi kwa ajili ya barafu, hubaki safi zaidi. Hakuna kilichoharibika. Iache chai ipoe yenyewe mezani kabla ya kuiingiza kwenye jokofu, na ukungu ukitokea, ongeza maji kidogo yanayochemka, utapungua. Ladha haibadiliki sana, ni macho tu yanayolalamika.

Basi kwa wanaoandika menyu na wanaorekodi mapishi, ombi langu ni dogo. Glasi inayoletwa na vipakti vya sukari pembeni iiteni chai ya barafu. Ni jina sahihi, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa ni kinywaji kizuri. Chai tamu iwe ile ambayo sukari yake iliingia kabla haijapoa. Na mteja akiuliza kama anaweza kupata hiyohiyo bila sukari, mwambieni kwa upole kwamba itabidi apikiwe nyingine.