"Ameshatangaza", haya, halafu?

Jumamosi nilikuwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni moja hapa mjini, sikwenda kama mkaguzi, nilikwenda kama mwanahisa wa kawaida. Akasimama Maalim mmoja mstaafu, kitabu cha hesabu amekikunja kwenye ukurasa wa miamala ya watu wenye uhusiano na kampuni, mstari wa kodi ya ghala kauzungushia kalamu nyekundu. Akauliza kwa adabu kabisa: Mwenyekiti, hili ghala tunalolilipia ni la nani na bei alikubaliana nani? Akajibiwa, "Maalim wangu, hilo mjumbe ameshalitangaza kwenye bodi, tusitafutane." Watu wakapiga makofi!

Jibu hilo nishaliskia Unguja, nishaliskia Chake, kwenye SACCOS, kwenye makampuni ya familia, na kila mara watu wanaridhika wanakwenda kula biriani. Nimechoka nalo, kwa hio leo naandika.

Kutangaza maslahi, yaani mjumbe wa bodi kusema kwamba ana chake kwenye biashara inayojadiliwa, ndo mwanzo wa kazi. Mjumbe akisema "jamani, hawa wanaotaka kutukodisha ghala na mie nna changu humo", amewapa wenzake taarifa tu, sasa ndo inatakiwa atoke chumbani, asichangie, asipige kura, walobaki watafute bei kwengine walinganishe, na yote hayo yaandikwe. Akitangaza halafu akabaki pale pale kitini basi kilichobadilika ni kwamba sasa wote wanajua.

Miaka ya nyuma nilikagua kampuni nyengine (nabadilisha vitu viwili vitatu asijulikane mtu), nikafungua faili la mihtasari ya bodi. Waliohudhuria, wajumbe saba. Ajenda ya tano, mjumbe katangaza maslahi yake, vizuri. Mstari wa chini yake, mjumbe yule yule "alifafanua kuwa bei za maghala zimepanda". Chini yake tena, "wajumbe wote saba waliridhia". Hebu hesabu na wewe. Saba waliingia, saba waliridhia, sasa aliyetangaza alitoka saa ngapi? Nikaomba kotesheni za maghala mengine, nikaambiwa hazikuhitajika kwa vile ghala lenyewe linajulikana.

Na msinambie bodi ikiridhia yamekwisha. Enron ya Marekani, mwaka 1999, bodi iliambiwa waziwazi kwamba mkuu wao wa fedha, Andrew Fastow, anataka kuendesha mfuko wake utakaofanya biashara na Enron yenyewe, kanuni zao za maadili zinakataza, na bodi ikaiweka kanuni pembeni ikamruhusu. Aliwatangazia, wakamruhusu, na mifuko ya namna hio ndo ikatumika kuficha madeni na hasara mpaka Disemba 2001 kampuni ikaomba kufilisika.

Sasa linaloniudhi zaidi. Ukiuliza tu, unaambiwa unamvunjia mtu heshima, unaleta fitna, "kwani umemuona kaiba?" Hakuna aliyesema kaiba! Mgongano wa maslahi ni hali anayokuwa nayo mtu, na anaweza kuwa nayo mtu mwema kuliko sote. Nendeni Pemba msimu wa karafuu, mtafuteni mkulima mmoja atakayekubali mwenye gunia akae yeye mwenyewe kwenye mzani wa kituo, ajipimie, ajipangie daraja. Hayupo, hata kama mwenye gunia ni imamu wa msikiti wao, na imamu mwenyewe hatataka kuwekwa pale, kwa sababu mwenye mali anataka bei ipande na mnunuzi anataka ishuke, huwezi kuwa wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa hio Maalim hakumtuhumu mtu. Aliuliza siku ile bei inakubaliwa, upande wa kampuni alikaa nani. Swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Kwenye bei nakiri mambo si mepesi. Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, 1854, reli ya Aberdeen ilinunua vyuma kwa kina Blaikie na mmoja wao ndo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya reli, mahakama ikasema haiangalii hata kama bei ilikuwa ya haki, mkataba unaweza kuvunjwa. Mie nimelelewa na kesi hio. Halafu mwaka 2022 huko Delaware, Marekani, kwenye kesi ya Tesla kuinunua SolarCity, kampuni ya umeme wa jua, na Elon Musk ana chake pande zote mbili, jaji akasema Musk alijiingiza kuliko inavyotakiwa, utaratibu wa bodi ulikuwa na kasoro, lakini bei ilikuwa ya haki, na Musk akashinda. Nimeisoma mara mbili na bado inanikaa vibaya.

Na hapa kwetu kuna la ukoo. Kiwango cha kimataifa cha hesabu, IAS 24, kinataja jamaa ambao biashara zao na kampuni lazima zionyeshwe kwenye hesabu: mke au mume, watoto, wanaokutegemea, na jamaa wengine wa karibu wanaoweza kukuathiri kwenye biashara. Shemegi je? Mtoto wa ami? Kisiwa chenyewe tumeoana wote, ukimtoa kila mwenye udugu kikao hakina akidi. Kuna mwaka nilikubali shemegi wa mjumbe asitajwe kwenye hesabu, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa.

Sheria sirefushi, ila tafadhalini, kampuni iliyosajiliwa Zanzibar iko BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, sheria yake ya makampuni ni ya Zanzibar ya 2013, msinitajie BRELA, hao ni wa Bara.

Jengine wengi hawalijui. Muhtasari wa bodi mwanahisa hana haki ya kuusoma, sie wakaguzi ndo tunausoma, kwa hio "lilitangazwa kwenye bodi" ni jibu ambalo ukumbi mzima hauwezi kulihakikisha. Muhtasari wa mkutano mkuu ndo haki yako kuuona. Basi uliza pale pale, mbele ya watu: alitoka chumbani? Alipiga kura? Bei nyengine zilitafutwa kwa nani? Halafu dai swali liandikwe, na jibu liandikwe.

Maalim alilijua hilo. Makofi yalipokwisha alikuwa bado kasimama, akamgeukia katibu: "Mwanangu, andika kwamba nimeuliza bei alikubaliana nani, na andika nilivojibiwa." Hakukaa mpaka alipoiona kalamu inakwenda.