Miwani ya kupangia upasuaji wa uvimbe wa ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo anaijua ile bahasha kubwa ya picha za MRI. Daktari anachomoa filamu, anaibandika kwenye kisanduku cha taa ukutani, na ndugu wote wanakodolea macho vipande vya kijivu vilivyojipanga kama stempu. Anaonyesha kwa ncha ya kalamu: "Ni hapa." Mnaitikia kwa vichwa, lakini wengi wenu hamjaona kitu.

Daktari naye anatazama vipande vilevile. Tofauti ni kwamba amesomea kuviunganisha akilini mpaka viwe ubongo mzima. Teknolojia ya uhalisia mseto inaitoa kazi hiyo akilini na kuiweka mbele ya macho. Anavaa miwani yenye kompyuta ndani yake, na ubongo wa mgonjwa wake unaonekana ukielea juu ya meza, uvimbe umepakwa kijani na mishipa ya damu nyekundu, huku meza na wenzake akiendelea kuwaona kama kawaida. Anauzunguka. Anainama, anachungulia kwa chini kuona mshipa umepita nyuma ya uvimbe au umepenya katikati yake. Video za namna hii zinazunguka sana kwenye simu, zikifuatana na maneno yanayoweza kumponza mgonjwa, ndiyo maana nimeona niyaandike.

"Miwani inaona ndani ya kichwa"

Haioni. Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Miwani inaonyesha picha iliyopigwa jana, juzi au wiki iliyopita. MRI inakipiga kichwa vipande kwa vipande, mara nyingi vyenye unene wa milimita 1 hivi, kisha mtu anaketi mbele ya kompyuta na kufuatisha mipaka: huu uvimbe, hii mishipa, hivi vyumba vya maji ya ubongo. Programu inamsaidia, lakini pale kijivu kinapokutana na kijivu, jicho la mtu ndilo linaloamua. Akikosea mstari, miwani italionyesha kosa lake kwa rangi ya kupendeza kabisa. Kwa hiyo ukisikia hospitali fulani ina miwani hiyo, uliza kwanza MRI yao ikoje na nani anayechora.

"Picha ikishakaa juu ya kichwa, kisu kinafuata tu"

Hapa watu wanachanganya kupanga na kupasua. Siku ya kupanga, picha ikielea sentimita 2 kando haina madhara yoyote. Ndani ya thieta ni habari nyingine. Picha lazima ilinganishwe na kichwa chenyewe, kwa kutumia pembe za macho, pua, masikio au vibandiko maalumu, na majaribio yaliyofanywa kwa miwani kama HoloLens ya kampuni ya Microsoft yamekuwa yakikuta hitilafu ya milimita kadhaa. Milimita hizo zinavumilika ukichagua pa kukata ngozi na mfupa. Kandokando ya sehemu inayoendesha usemi au mkono wa kulia, hazivumiliki. Tena HoloLens imetengenezwa ili jicho liikazie picha yake umbali wa mita 2 hivi, ilhali mpasuaji anafanya kazi karibu kuliko urefu wa mkono wake. Macho yanavutwa huku na huku, na kina cha kitu kinakuwa kigumu kukadiria.

Halafu kuna jambo ambalo video hazilionyeshi kabisa: ubongo unahama. Fuvu likishafunguliwa na ule utando mgumu wa chini yake ukapasuliwa, maji yanayouzunguka ubongo yanavuja. Dawa ya kupunguza shinikizo inausinyaza, uzito wake wenyewe unaushusha, na kila kipande cha uvimbe kinachotoka kinaacha nafasi inayojazwa na ubongo wa jirani. Uhamaji huo unaweza kuzidi sentimita 1. Picha ya hewani haina habari. Imebaki palepale ilipopangwa, kama ramani ya Rufiji iliyochorwa kabla ya masika. Ndiyo maana wapasuaji wanaojali hawaachi kutumia njia za kuuona ubongo jinsi ulivyo dakika hiyo: altrasaundi inayowekwa moja kwa moja juu ya ubongo, MRI ya ndani ya thieta kwa hospitali chache zenye uwezo, au mgonjwa mwenyewe akiwa macho anazungumza nao. Inawezekana, kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu ya kukatwa. Ganzi inahitajika kwenye ngozi ya kichwa na ule utando.

"Kilichopakwa rangi kikitoka chote, ugonjwa umekwisha"

Natamani ingekuwa hivyo. Kwa meningioma, uvimbe unaoota kwenye tando zinazofunika ubongo, kwa kawaida mpaka unaonekana vizuri na picha inasema karibu na kweli. Lakini glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, ni tabia nyingine. Seli zake hujipenyeza kati ya seli zenye afya na kwenda mbali kuliko MRI inavyoweza kuonyesha. Mwaka 1928 Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa aliowaondolea nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya uvimbe wa aina hii. Nusu nzima, na bado ugonjwa ulirudi. Kwa hiyo ule ukingo wa kijani uliokatika vizuri kwenye miwani ni mpaka wa kile MRI ilichokiona. Kwa glioma kali, hospitali nyingine humnywesha mgonjwa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla, na chini ya mwanga wa buluu uvimbe hung'aa rangi ya waridi. Hata hivyo mionzi na dawa za saratani hufuata baada ya upasuaji.

"Ni roboti inayopasua"

Hapana. Miwani haina mkono. Anayekata ni daktari.

"Daktari anayejifunzia kwenye kompyuta hajaiva"

Neno hili nalisikia kwa uchungu, maana linaligeuza jambo jema kuwa dosari. Mwezi Agosti 2009, huko Halifax, Kanada, Daktari David Clarke aliondoa meningioma ya mgonjwa wake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mashine ya kuigiza upasuaji, iliyotengenezwa kwa picha za mgonjwa huyohuyo, yenye vishikio vinavyompa mkono hisia ya ulaini na ugumu wa nyama. Ndipo baadaye akaingia thieta. Mwaka 2022, kabla ya kutenganisha mapacha walioungana vichwa mjini Rio de Janeiro, timu ya huko na ya Daktari Noor ul Owase Jeelani wa London zilikutana ndani ya chumba kimoja cha uhalisia pepe, yaani chumba kilichoundwa na kompyuta, kila mmoja akiwa bado yupo nchini kwake, wakaupitia upasuaji pamoja. Clarke na Jeelani walikuwa mabingwa tayari. Walirudia kwa sababu ndani ya kichwa cha mtu hakuna nafasi ya kukosea kisha kurekebisha.

"Hayo ni ya Ulaya, sisi hayatuhusu"

Bei inashangaza. HoloLens 2 ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 3,500, wakati mitambo ya kawaida ya kumwongoza mpasuaji ndani ya kichwa hufika laki kadhaa za dola. (Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2024, kwa hiyo hospitali inayonunua leo iangalie kifaa kisije kikakosa mtengenezaji.) Programu ya 3D Slicer, iliyoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa watafiti wa Boston na wa chuo cha MIT, Marekani, ni ya bure na inatumia kompyuta mpakato ya kawaida, imetolewa kwa ajili ya utafiti na mafunzo, na daktari anaweza kuugeuzageuza nayo ubongo wenye uvimbe kwenye kioo bila miwani yoyote. Kinachokosekana mara nyingi ni MRI nzuri, muda wa mtu wa kuchora, na mabingwa wenyewe.

Basi mgonjwa anayetapika asubuhi, anayeanza kupata degedege ukubwani au kupoteza nguvu upande mmoja, asikae nyumbani akisubiri hospitali yenye miwani. Aende kwa daktari bingwa aliyepo. Na siku ya kuchukua majibu ya MRI, msiondoke na filamu peke yake. Ombeni CD yenye picha zote, kwa sababu umbo la ubongo hujengwa kutokana na zile picha za kwenye CD, na yule bingwa mtakayepewa rufaa kwake atazihitaji hizo.