Kadi ya Chanjo Haifungui Geti la Hifadhi

Wiki hii huyu ni wa tatu. Bwana kaweka kadi mezani: "Daktari, mbwa wangu ana chanjo zote. Niandikie barua ya getini, tunapanda naye Kilimanjaro."

Siandiki. Mbwa haingii Hifadhi ya Taifa, hata akioga kwa shampuu ya Ulaya. Mkinitajia Karura ya Nairobi, ule ni msitu ulio chini ya mamlaka ya misitu, si hifadhi ya taifa, na hata kule mbwa hutembezwa kwa kamba.

Wengi wanadhani tunaogopa chui atamla mbwa. Atamla, ndiyo, ila hofu yetu kubwa iko upande wa pili: mbwa kuwapelekea wanyamapori magonjwa. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, karibu 1,000. Distempa, ugonjwa uleule unaowamaliza watoto wa mbwa uani kwenu.

"Lakini wangu amechanjwa!" Hapa ndipo ninapochoka. Chanjo inamkinga mbwa wako na magonjwa fulani tu, basi. Kupe hawasomi kadi. Parvo, kirusi kinachowaharisha mbwa damu, hukaa udongoni miezi kadhaa, na mbwa mwenye kinga kamili anaweza kuibeba kwenye nyayo. Halafu kadi yenyewe inathibitisha kwamba sindano ilichomwa. Haisemi kama dawa ilitoka kwenye friji au ilizunguka mchana kutwa juani kwenye boksi la pikipiki. Askari wa getini atajuaje?

Nikiri jambo. Simba wa 1994 hawakuuawa na distempa peke yake. Ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba wakawala wale nyati, wakapata na babesia, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Baadaye mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti wakachanjwa kwa wingi, distempa ikapungua kwao, lakini kwa simba haikwisha. Inaelekea kuna wanyamapori wengine wanaoitunza. Ni wanyama gani hasa, siwezi kukuapia. Kwa hiyo sitasema mbwa ndiye chanzo cha kila kitu. Chanja tu, kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Bwana alininunia. Kabla hawajaondoka nilimtoa mbwa wake kupe wanne sikioni.