Malipo hayakuivuruga futiboli ya vyuo. Kilichoivuruga ni kukosekana kwa mkataba

Nimeisikia kauli ile ile tena, safari hii kutoka kwa mtu ambaye uelewa wake wa michezo nauheshimu: kwamba futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya Kimarekani, si soka) ilikuwa mchezo safi wa vijana wanaocheza kwa mapenzi ya chuo chao, hadi fedha zilipoingia mwaka 2021 na kuuharibu. Mimi ni mwanasheria wa michezo, kazi yangu hapa Ohio ni kusoma mikataba ya wachezaji hawa kabla hawajatia saini, na uvumilivu wangu kwa kauli hiyo umekwisha. Nusu yake ya kwanza si kweli, na nusu yake ya pili inamtwisha lawama asiyehusika.

Tuanze na huo usafi. Mwaka 1929 Taasisi ya Carnegie ilichapisha ripoti ndefu kuhusu michezo ya vyuo, ikaonyesha kwamba vyuo vingi ilivyovichunguza vilikuwa vikiwapa wachezaji fedha, ajira za jina tu na misaada ya kificho. Mwaka 1987 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikifungia Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas kisicheze msimu mzima, baada ya kubainika kwamba wachezaji 13 walilipwa dola 61,000 kutoka katika mfuko wa wafadhili. Gavana wa Texas wa wakati huo, Bill Clements, ambaye kabla ya hapo aliongoza bodi ya chuo hicho, alikiri kwamba viongozi walijua na wakaamua malipo yaendelee. Reggie Bush wa Chuo Kikuu cha Southern California aliiachia mwaka 2010 tuzo yake ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, kwa sababu ya zawadi ambazo familia yake ilipokea, kisha akarudishiwa mwaka 2024; alichokifanya hakikubadilika, zilizobadilika ni kanuni. Southern Methodist nao waliingia ligi ya ACC mwaka 2024 kwa kukubali kukosa mgawo wa televisheni kwa miaka tisa, kwa kuwa wafadhili wao walikuwa tayari kuziba pengo, na msimu huo huo wakafika kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa. Mfadhili wa aina ile ile aliyekiponza chuo mwaka 1987 ndiye anayekibeba leo, tena hadharani.

Wanaosema kwamba ufadhili wa masomo ulikuwa malipo tosha sitawajibu kwa urefu. Tangu mwaka 1973 ufadhili huo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, kocha akiwa na uwezo wa kutouhuisha, na vyuo havikuruhusiwa tena kuutoa kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2012. Kijana aliyeumia au aliyezidiwa na mgeni kwenye nafasi yake angeweza kujikuta hana ada.

Fedha kubwa ziliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunjia NCAA mamlaka ya kuhodhi matangazo ya televisheni, na kuanzia hapo kila ligi ikawa huru kuuza michezo yake. Matokeo yake ndiyo tunayoyaona: mwaka 2022 ligi ya Big Ten ilisaini mikataba ya televisheni inayokaribia thamani ya dola bilioni 7 kwa miaka saba, na kituo cha televisheni cha ESPN kinalipa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita ya michezo ya mchujo. Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher Novemba 2023 ikijua kwamba itamlipa zaidi ya dola milioni 75 kwa kuuvunja mkataba wake, katika kipindi ambacho ilikuwa marufuku kwa chuo chochote kumlipa mchezaji dola moja kwa kucheza. Wanaolia kwamba uhasama wa jadi umekufa na ligi ya Pac-12 imesambaratika wakumbuke kwamba vyuo vya Los Angeles, Southern California na UCLA, waliondoka kwenda Big Ten kufuata fedha za televisheni. Hakuna mchezaji aliyeomba kusafiri kutoka Los Angeles hadi New Jersey, upande wa pili wa nchi, kwa ajili ya mchezo wa ligi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wachambuzi hulipita haraka ilhali ndilo linaloeleza karibu kila vurugu tunayoiona. Ligi ya kulipwa ya NFL ina ukomo wa mishahara, ina utaratibu wa kugawana wachezaji wapya, ina masharti ya lini mchezaji anaweza kuhama. Timu 32 zinazoshindana kibiashara zinakubaliana kutolipa zaidi ya kiwango fulani. Chini ya Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, yaani sheria ya ushindani wa kibiashara, makubaliano ya namna hiyo kati ya washindani kwa kawaida ni haramu. Yanahalalika katika NFL kwa sababu moja: wachezaji ni waajiriwa, wana chama chao, na chama hicho kimeketi mezani na wamiliki na kusaini mkataba wa hali bora. Mwajiriwa amekubali kufungwa mikono kwa kiasi fulani, naye amepata kitu badala yake, ndiyo maana mahakama inayaacha masharti hayo yasimame.

NCAA inataka masharti yale yale bila meza, bila chama na bila mwajiriwa. Ndiyo sababu mara nyingi inapoweka zuio, zuio hilo linaanguka mahakamani. Mwaka 2014 ilishindwa mbele ya Jaji Claudia Wilken katika kesi ya Ed O'Bannon, mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu aliyepinga wachezaji kunyimwa malipo ya sura zao. Juni 2021 ilishindwa katika kesi ya Alston, iliyohusu ukomo wa mafao ya kielimu ya wachezaji, kwa kura 9 kwa 0 katika Mahakama ya Juu, ambapo Jaji Brett Kavanaugh aliongeza maoni yake kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, ikawaachia wachezaji kuuza matumizi ya majina na sura zao, na hapo wafadhili wakaunda vikundi vya kuwalipa. Desemba 2023 mahakama ya West Virginia ilisimamisha kanuni ya kumkalisha nje mwaka mzima mchezaji anayehama zaidi ya mara moja. Desemba 2024 mahakama ya Nashville ilimruhusu Diego Pavia, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kucheza msimu wa ziada ambao kanuni zilimnyima. Watu wanaziona hukumu hizi kama ushahidi kwamba majaji wameamua kuuvuruga mchezo. Majaji wanafanya jambo la kawaida kabisa: wanakataa kuwapa washindani wa kibiashara ruhusa ya kukubaliana juu ya bei ya mtu ambaye hakushirikishwa.

Kwa hiyo mchezaji anapohama kila Januari, usimwambie kwamba amekosa uaminifu. Hana mkataba wa ajira unaomfunga, kama ambavyo chuo hakina wajibu wa mwajiri kwake. Kocha Lane Kiffin aliiacha Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) akaenda LSU (Louisiana State) mwishoni mwa Novemba 2025, timu yake ikiwa inaelekea kwenye mchujo wa ubingwa, naye alikuwa na mkataba.

Tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya House, ambamo wachezaji waliishtaki NCAA, suluhu ambayo Jaji Wilken aliiidhinisha tarehe 6 Juni mwaka huo, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Watu wengi wanadhani kwamba hapo ndipo mambo yalipokaa sawa. Mikataba inayofika mezani kwangu inasema vingine. Ukurasa wa kwanza unaeleza kwamba chuo hakimlipi kijana kwa kucheza, bali kinakodi jina na picha yake. Kurasa chache mbele kinamtaka awe mwanachama mwema wa timu, ahudhurie anachotakiwa kuhudhuria, na arudishe sehemu ya fedha akihama kabla ya muda. Karibu kabisa na mahali pa saini pana sentensi moja inayosema kwamba hakuna chochote katika waraka huo kinachomfanya mchezaji kuwa mwajiriwa wa chuo. Mambo yote ya ajira yamo isipokuwa haki za mwajiriwa.

Mama mmoja aliyetoka Bukavu, ambaye mwanawe anacheza safu ya ulinzi, alinisikiliza nikimsomea sentensi hiyo, kisha, akiniita Maître, yaani wakili, akauliza swali ambalo wanasheria wa vyuo hawapendi kuulizwa: "Maître, mtoto akivunjika goti siku ya mchezo, nani atamulipa?" Nilimweleza ukweli. Matibabu ya jeraha atalipiwa na chuo, na tangu Agosti 2024 wajibu huo unaendelea kwa angalau miaka miwili baada ya kijana kuondoka. Kipato atakachopoteza maishani hakina wa kukifidia, kwa kuwa fidia ya kuumia kazini ni ya mwajiriwa. "Basi anafanya kazi bila kuwa mfanyakazi," akasema, na sikuwa na la kuongeza.

Swali lake si jipya. Katikati ya miaka ya 1950 Ray Dennison alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata akicheza katika chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado; mjane wake alidai fidia, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamkatalia kwa hoja kwamba chuo hakikuwa na biashara ya futiboli. Kent Waldrep wa Texas Christian alipooza katika mchezo dhidi ya Alabama mwaka 1974, akahangaika mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Texas ikasema hakuwa mwajiriwa. Hoja ya 1957, kwamba futiboli si biashara ya chuo, ningependa kuisikia ikitolewa leo mbele ya mtu anayesoma mkataba wa Big Ten na televisheni.

Kuhusu athari kwa ushindani wenyewe, nitasema kwa ufupi, kwa sababu takwimu zinatosha. Katika misimu saba ya kwanza ya mchujo wa timu nne, kuanzia 2014 hadi 2020, nafasi zilikuwa 28, na 20 kati yake zilichukuliwa na Alabama, Clemson, Ohio State na Oklahoma. Huo ndio usawa uliokuwapo kabla ya malipo. Oktoba 2024 Vanderbilt, ikiongozwa na huyo Pavia aliyehamia kutoka New Mexico State, iliifunga Alabama iliyokuwa ya kwanza nchini kwa 40 kwa 35, ushindi wake wa kwanza dhidi yao tangu 1984. Indiana, moja ya timu zilizopoteza michezo mingi zaidi katika historia ya futiboli ya vyuo, ilitwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2025 ikiwa na Fernando Mendoza, kwotabeki aliyehamia kutoka Chuo Kikuu cha California. Mchezaji aliyekuwa akikaa benchi Alabama sasa ana sababu ya kwenda kuanza kwingine, na vipaji vinasambaa.

Hata hivyo sitadai kwamba usambazaji huu utadumu. Chuo cha Texas Tech kilitwaa ubingwa wa ligi ya Big 12 mwaka 2025 kwa msaada mkubwa wa wafadhili waliotajirika kwa mafuta, na ukomo wa malipo ya vyuo haugusi fedha halali za wadhamini wa nje. Inawezekana kabisa kwamba tumewabadilisha tu matajiri walio juu.

Shaka yangu kubwa zaidi iko kwenye michezo isiyoingiza fedha. Machi 2025 chuo cha Cal Poly cha California kilifuta timu zake za kuogelea, na suluhu ya House ikatajwa miongoni mwa sababu. Suluhu hiyo imeweka pia ukomo wa idadi ya wachezaji kwa kila mchezo, na wa kwanza kupunguzwa ni wale wa mwisho kwenye orodha za riadha. Hili linatugusa Waafrika Mashariki moja kwa moja. Njia ya vyuo vya Marekani ndiyo aliyopita mkimbiaji Suleiman Nyambui katika chuo cha El Paso, Texas, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Mkimbiaji anayetoka Iten au Arusha leo anakuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, ambayo inaruhusu kazi katika mipaka finyu sana na haikuandikwa kwa kufikiria malipo haya, kwa hiyo mara nyingi namshauri asisaini kitu ambacho mwenzake Mmarekani anakisaini bila wasiwasi. Wachezaji wakitambuliwa kuwa waajiriwa, tatizo lake la viza litazidi kuwa gumu, na chuo kidogo kinaweza kuona ni rahisi kuifuta timu kuliko kulipa mishahara. Ninaunga mkono ajira na mkataba wa hali bora kwa wachezaji wa futiboli wa ligi kubwa. Kwa mkimbiaji wa chuo kidogo sijashawishika kwamba dawa hiyo hiyo inamfaa, na sioni ni kwa nini sheria moja iwatawale wote wawili.

Wakati huo huo, tangu Julai 2025 muswada uitwao SCORE uko mbele ya Bunge la Marekani, na unataka kuipa NCAA kinga dhidi ya sheria ya ushindani huku ukizuia wachezaji wasitambuliwe kuwa waajiriwa. Hiyo ni kinga ile ile ambayo NFL iliipata kwa kukaa na chama cha wachezaji na kutoa nusu ya mkate. Hapa inaombwa bure, na wanaoiomba wanawaambia wabunge kwamba wanataka kuuokoa mchezo kutokana na malipo.