Kizuri Chajiuza? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuuza Porsche 911 ya Zamani Iliyokarabatiwa

Kila mwenye kitu cha kuuza hukimbilia methali ileile: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la Porsche 911 za zamani, methali hiyo imewatia watu hasara. Mtu anatumia miaka kulifufua gari, anapiga rangi ikang'aa, analiweka sokoni. Wanunuzi wanakuja, wanachuchumaa, wanauliza maswali mawili matatu, wanaondoka. Gari lenyewe halina ubaya. Kinachomwangusha muuzaji ni mambo anayoyaamini yeye, ambayo mnunuzi anayejua kazi hayaamini.

Nazungumzia hasa zile 911 za injini ya kupozwa kwa hewa, kuanzia ile iliyoonyeshwa Frankfurt Septemba 1963 ikiwa bado inaitwa 901, mpaka za mwisho za 1998. Na nazungumzia hasa Ujerumani, zilikozaliwa.

"Rangi ndiyo inayouza"

Rangi humleta mtu mpaka getini. Akishafika, anaanza kuitilia shaka. Mnunuzi mzoefu huja na kipimo kidogo cha unene wa rangi, anakigusisha kwenye bati, kinamsomea mikroni, yaani elfu za milimita. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 100 na 200 hivi. Mlango uliopigwa rangi upya unaweza kusoma 300 au 400, na hilo halimshtui mtu. Kikisoma 1,500, anajua chini yake kuna bodifila, ule udongo wa kujazia mabonde kwenye bati, na swali linalofuata ni bodifila hiyo inaficha nini. Hapo ndipo anapolala chini na tochi kuangalia vizingiti vya milango, sakafu iliyo chini ya betri na bati linaloshikilia suspensheni ya mbele, kwa sababu huko ndiko kutu ya 911 hupenda kukaa.

Kwa hiyo kinachouza ni picha zilizopigwa kabla ya rangi: bati likiwa tupu, kutu ikiwa imekatwa, kipande kipya kikiwa kimechomelewa na mshono wake kuonekana, halafu sehemu ileile baada ya kupakwa dawa ya kuzuia kutu. Wauzaji wengi huona haya kuonyesha mashimo, wakaweka picha za gari likiwa ufukweni jua linazama. Nawasihi wafanye kinyume. Mtu anayekuonyesha kizingiti kilichooza na jinsi alivyokitengeneza anakupa sababu ya kumwamini hata kwenye sehemu ambazo hukuziona.

Wapo pia wanaosema gari lao ni la baada ya 1976, kwa hiyo halina habari ya kutu. Ni kweli kwamba kuanzia modeli ya 1976 Porsche ilianza kutumia bati lililopakwa zinki, na hilo lilibadilisha mengi. Lakini zinki huchelewesha kutu tu, haiizuii milele. Gari likigongwa, likakatwa na kuchomelewa, zinki ya mahali hapo imeungua na ulinzi wake umekwisha. 911 ya 1979 iliyopata ajali inaweza kuoza vibaya kuliko ya 1971 iliyotunzwa mahali pakavu.

"Nimetumia pesa nyingi kulikarabati, nitazirudisha"

Hii ndiyo dhana inayouma zaidi, na naielewa kabisa. Faili limejaa risiti, na jumla yake inapita bei ya soko. Mnunuzi hailipii jumla hiyo. Analipa bei ambayo magari mengine ya aina hiyo na hali hiyo yanauzwa. Mwenye kukarabati 911 ya kawaida kwa kulipa gereji saa kwa saa mara nyingi hutoka na upungufu, na ni heri alijue hilo kabla ya kufungua boliti ya kwanza.

Wajerumani wana utaratibu wa kuliandikia gari la zamani ripoti ya thamani, na ripoti hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Thamani ya soko ni ile ambayo watu wawili binafsi wangekubaliana. Thamani ya kupata gari jingine la namna hiyo huwa juu kidogo, kwa sababu inahesabu bei ya kununua kwa mfanyabiashara. Halafu kuna thamani ya kulijenga upya, inayozingatia gharama za ukarabati; hiyo ni kwa ajili ya mazungumzo na bima, na inaweza kuwa mbali sana na bei ya soko. Muuzaji anapoweka thamani hiyo ya bima kwenye tangazo kama bei yake, mnunuzi wa Kijerumani anaitambua mara moja.

Kwenye ripoti hizo hali ya gari hupewa alama, 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu. Alama 1 ni adimu mno. Gari zuri lililokarabatiwa kwa uangalifu na linaloendeshwa kwa kawaida ni 2, na hakuna aibu yoyote kuandika 2.

Vivyo hivyo na herufi H mwishoni mwa namba ya usajili. Wengine huitangaza kama cheti cha ubora. Hiyo H inasema gari limefikisha miaka 30, liko karibu na lilivyotoka kiwandani na limetunzwa vya kutosha. Mwenye gari hupata kodi ya mkupuo ya euro 191.73 kwa mwaka. Haihakikishi uzima wa injini.

"Kipya ni bora kuliko cha zamani"

Januari 2014, huko Scottsdale, Arizona, nyumba ya mnada ya Gooding iliuza Mercedes-Benz 300 SL mbili za milango inayofunguka kwenda juu. Moja ilikuwa imekarabatiwa vizuri. Ikauzwa karibu dola milioni 1.4. Nyingine ilikuwa imechakaa, siti zimechanika, rangi imefifia, haijawahi kukarabatiwa. Ikauzwa karibu dola milioni 1.9.

Jumba la makumbusho la Porsche lenyewe lilifuata njia hiyo ya kuthamini cha asili. Mwaka 2014 lilinunua 901 namba 57 iliyokutwa ghalani karibu na Berlin, gofu la gari lenye kutu, bila bati za juu ya magurudumu ya mbele. Mafundi walichukua miaka mitatu, wakibakiza kila kipande cha bati la asili kilichoweza kuokolewa na kuchukua vingine kwenye magari ya enzi hiyo hiyo, kisha wakalionyesha Desemba 2017 likiwa na rangi yake nyekundu ya asili. Wangeweza kuagiza bodi nzima mpya. Hawakufanya hivyo.

Kwa muuzaji wa kawaida, maana yake ni hii: usitupe kitu. Siti za zamani, usukani, karabureta, redio isiyosema, vyote viwekwe kwenye boksi na viondoke na gari.

Injini ndiyo kubwa kuliko vyote. Namba yake imegongwa kwenye kasha la injini, karibu na feni. Mnunuzi atailinganisha na kumbukumbu za kiwanda. Kama injini ya asili ilipasuka mwaka 1985 na ikawekwa nyingine, sema hivyo na bei iende na ukweli huo. Kuisaga namba na kugonga nyingine ni udanganyifu, na wataalamu huutambua kwa umbo la tarakimu na alama za msasa. Wana sababu ya kuwa macho: Carrera RS 2.7 ya 1973, toleo maalum la 911, ilitengenezwa magari 1,580 tu, na tangu hapo 911 nyingi za kawaida zimefungwa ule mkia wake wa nyuma ili zifanane nayo.

"Nikilivalisha Safari, bei inapanda"

Hii inatuhusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mtindo umeenea wa kuinua 911, kuifunga taa kubwa mbele na bampa za mabomba, kisha kuiita Safari. Historia yenyewe ni ya heshima: Porsche ilishika nafasi ya pili katika Safari Rally mwaka 1972, 1974 na 1978, na hiyo ya mwisho ilikuwa mikononi mwa Mkenya Vic Preston Jr. Ushindi wenyewe haikuupata kamwe. Ulikuja baadaye, kwenye mashindano ya magari ya kale, Björn Waldegård aliposhinda Safari Classic ya 2011 kwa 911.

Gari lililokimbia kweli lina karatasi za usajili wa mashindano, picha na makovu. Gari lililovalishwa tu lina wateja wachache wanaolipenda hivyo, na ukikata bati la asili kufunga hizo bampa, umewapoteza wengine wote.

"Nikiandika 'liuzwe kama lilivyo', sidaiwi"

Ujerumani mtu binafsi anaruhusiwa kuondoa dhamana kwenye mkataba wa gari lililotumika, lakini kinga hiyo haimlindi aliyeficha kasoro kwa makusudi. Wala haifuti ahadi aliyoitoa waziwazi. Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi ya Mercedes-Benz 380 SL iliyosajiliwa mara ya kwanza 1981 na kuuzwa kwa euro 25,000. Tangazo lilisema kiyoyozi kinafanya kazi bila dosari, na mkataba ukaondoa dhamana. Kiyoyozi kikaharibika. Mahakama ikasema umri wa gari hauondoi uzito wa maneno yale, na kuondoa dhamana hakugusi sifa iliyokubaliwa. Basi neno "injini ni ya asili" uliandike tu kama unaweza kulithibitisha.

"Lipashe moto kabla mgeni hajafika"

Wengi hufanya hivi kwa nia njema, ili gari liwake mara moja. Mnunuzi anagusa kifuniko cha injini, anakuta kina joto, na imani inaondoka. Anataka kuiona ikiwaka ikiwa baridi. Moshi kidogo wa mwanzo kwa injini hii ya silinda zilizolala ni jambo la kawaida, kwa sababu oli hujipenyeza ndani gari likisimama. Mwambie mapema na umwache asikilize minyororo ya kamshafti, ile mihimili inayofungua vali.

Oli nayo ina kanuni yake. Kwenye 911 hizi hupimwa injini ikiwa moto, inanguruma taratibu, gari liko mahali pa tambarare, kwa sababu oli hukaa kwenye tangi la pembeni. Anayeipima asubuhi ikiwa baridi huona imepungua, anaongeza lita nzima, na mnunuzi akifika anakuta oli imefurika mpaka kwenye kichujio cha hewa na moshi umetanda uani.