Bamba la Chuma Ndani ya Seli ya Hidrojeni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Seli ya hidrojeni huzalisha umeme kwa kukutanisha hidrojeni na hewa, na ile ya aina ya utando huzitenganisha kwa ngozi nyembamba inayopitisha protoni. Seli moja hutoa karibu volti 0.65 ikiwa kazini, kwa hiyo seli hupangwa kwa mamia na kubanwa pamoja. Gari la hidrojeni la Toyota Mirai lililotoka 2014 lilikuwa na seli 370. Kizazi cha pili kina 330. Kati ya kila seli na jirani yake kuna bamba la baipola. Uso mmoja hupitisha hidrojeni, uso wa pili hewa, ndani yake hupita maji ya kupoza, na umeme wote hupenya humo kwenda seli inayofuata. Kwenye magari, bamba hilo aghalabu hutengenezwa kwa bati mbili zenye unene wa milimita 0.075 hadi 0.1 kila moja. Hata bati jembamba la kuezekea, lile la geji 30, ni nene zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa kuwa kwa macho ni bati lenye mifereji tu, kazi yake hudharauliwa.

Dhana: “Chuma cha pua hakishiki kutu, basi hakihitaji kupakwa kitu.”

Kwenye sinki la jikoni, sawa. Kinachokilinda ni ngozi ya oksidi ya kromu yenye unene wa nanomita chache, na ngozi hiyo hiyo inayozuia kutu huzuia pia umeme. Chukua bati la 316L, aina ya chuma cha pua, lisilopakwa, libane kwenye karatasi ya kaboni, ile inayokaa kati ya bamba na utando, kwa shinikizo la megapaskali 1.4: ukinzani wa mgusano waweza kufika miliomu 100 kwa eneo la sentimita moja ya mraba. Pitisha ampea 1 hapo, umepoteza volti 0.1 kati ya zile 0.65. Lengo la Wizara ya Nishati ya Marekani ni miliomu 10 kushuka chini, yaani hasara isiyozidi volti 0.01.

Kuondoa ngozi hiyo kwa asidi ni kujisumbua. Hujijenga upya ikikutana na hewa, na ndani ya seli, penye joto la nyuzi 60 hadi 80, unyevu na uasidi, huzidi kunenepa. Ndiyo maana bamba hupakwa kaboni, nitridi ya titani au ya kromu, au dhahabu nyembamba mno. Titani nayo haiepuki. Ni ngumu kuliwa na kutu, lakini oksidi yake haipitishi umeme vizuri, na Toyota walioichagua kwa Mirai waliipaka kaboni.

Dhana: “Hatari ya kutu ni bamba kutoboka.”

Hapa ndipo hesabu inapofunua mengi. Kasi ya kutu hupimwa kwa mkondo wa umeme unaoandamana nayo, na kikomo kinachotumiwa sana ni mikroampea 1 kwa sentimita ya mraba. Tuseme mkondo huo wote ni chuma kinachoyeyuka, mfululizo kwa saa 5,000. Bamba litapungua mikroni 6 na kidogo tu, kati ya 100. Halijakaribia kutoboka.

Lakini chuma kilichoyeyuka ni takriban miligramu 5 kwa kila sentimita ya mraba, na utando wenye unene wa mikroni 15 una uzito wa miligramu 3 hivi kwa eneo hilo hilo. Si yote yanayofika kwenye utando, mengine hutoka na maji, ila sehemu ndogo sana inatosha kuleta madhara. Ayoni za chuma hukaa mahali ambapo protoni zinatakiwa kupita. Baya zaidi, zikikutana na peroksidi ya hidrojeni, ambayo hujitengeneza kidogo kidogo ndani ya seli, huzaa radikali za hidroksili zinazokatakata utando wenyewe. Kwa hiyo bamba hubaki zima na utando ndio unaokufa. Anayetafuta kutu kwa kuangalia bamba peke yake atachelewa. Apime chuma na floridi katika maji yanayotoka kwenye seli: floridi ni mabaki ya utando unaooza.

Dhana: “Kutoa mifereji ni kazi ya presi, kama kutengeneza sufuria.”

Sufuria huvutwa kwenye bati nene na kona pana. Hapa mfereji una kina cha milimita 0.4 hivi, upana usiofika mbali zaidi ya milimita 1, na kona zenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 hadi 0.2. Bati la mikroni 100 lenye punje, yaani fuwele za chuma, za mikroni 20 lina punje tano tu toka uso mmoja hadi wa pili. Punje moja iliyokaa vibaya inatosha kuanzisha ufa, na ufa huanzia karibu kila mara kwenye kona ambako bati limevutika likawa jembamba. Tiba zinajulikana: kuta za mfereji zilale kidogo badala ya kusimama wima, kona ziongezwe, na mfereji utolewe kwa mapigo mawili badala ya moja.

Kisha kuna kujirudi. Kalibu ikifunguka, chuma hurudi nyuma kidogo na bamba zima hujikunja kama jani kavu. Kina cha mifereji kikipishana kwa mikroni 10 tu kwa kila bamba, bamba 330 zikipishana kwa upande mmoja hukusanya milimita 3.3. Pale migongo ya mifereji inapokuwa mifupi, karatasi ya kaboni haibanwi sawasawa, mgusano unalegea na joto linapanda. Kalibu zirekebishwe kwa vipimo vya bamba lililokwisha kuachiwa, si lile lililobanwa mezani.

Dhana: “Kupaka kabla ya presi au baada yake ni mamoja.”

Kupaka roli zima la bati kabla ya kulikata ni haraka na nafuu. Gharama yake ni kwamba mipako hupasuka kwenye kona zile zile zinazovutika, na leza huiunguza kwenye mshono. Kupaka baadaye huepusha hayo, lakini bamba huingia kwenye chemba ya ombwe likiwa na mabonde ambayo mipako huyafikia kwa shida, na mafuta ya presi yasipooshwa yote, mipako itabanduka. Kuinenepesha hakusaidii, maana mipako minene hupasuka upesi zaidi. Tundu dogo juu ya 316L huvumilika kwa kuwa chuma hicho hujifunika chenyewe. Juu ya alumini tundu lile lile ni mwanzo wa kuliwa kutokea chini.

Dhana: “Leza ikienda kasi, uzalishaji unapanda, basi.”

Bati mbili hulehemiwa pamoja kwa mshono mrefu unaozunguka njia za gesi na maji. Kasi ikivuka kiwango fulani, chuma kilichoyeyuka hurundikana nyuma ya leza kama vifundo, na kati ya kifundo na kifundo hubaki pengo. Nafasi kati ya bati mbili nayo isizidi takriban mikroni 10. Zaidi ya hapo bati la juu hukatika badala ya kuungana. Kwa hiyo vibanio vinavyoshika bati ndivyo huamua kasi kwanza, kisha leza.

Mshono ukijaribiwa kwa gesi ya heli kuona kama unavuja na ukapita, bado mambo mawili hayajajulikana: kama kifundo kimejitokeza hadi kuinua gasketi, na kama ukinzani wa mgusano uko chini ya miliomu 10 baada ya presi na leza. Vipimo hivyo vifanywe kwenye bamba lililokamilika, maana kipande cha bati bapa lililopakwa karibu kila mara hutoa majibu mazuri kuliko bamba lenyewe.